Mpeni Mzazi Kazi, Kiti Atajitafutia

Wajukuu zangu, ile karatasi ya ratiba ya tamasha la shule mliyoniletea nimeisoma yote, na nyuma yake pia nikageuza nione kama kuna kilichobaki. Nimeona gwaride. Nimeona risala ya wanafunzi, risala ya walimu, neno la mwenyekiti wa kamati ya shule, neno la afisa elimu kata, neno la diwani, utambulisho wa wageni, hotuba ya mgeni rasmi, neno la shukrani, halafu chakula cha meza kuu. Wazazi nimewatafuta sana. Nimewakuta chini kabisa, mstari mmoja: "Wazazi wawe wameketi saa mbili asubuhi."

Hapo ndipo penye shughuli yangu na nyinyi. Mnataka tamasha la kukutanisha familia na majirani, mmeniambia wenyewe, na nia hiyo naipenda. Lakini mtu aliyeitwa kuja kuketi atakuja mara moja. Ataketi, atapigwa jua, atasikiliza majina ya wageni asiowajua, atamwona mwanawe kwa mbali kwenye mstari wa tatu, ataondoka. Mwakani atamtuma shangazi wa mtoto. Mwaka wa tatu hamna mtu ila walimu na viti vya kukodi.

Fikirini mzazi wa hapa kwetu huingia geti la shule kwa jambo gani. Kaitwa kwa kesi ya mwanawe, au kaitwa kikao cha michango. Kote huko anakwenda roho mkononi. Januari 2016, ulipoanza kutumika ule Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, ada ilifutwa kutoka shule ya msingi mpaka kidato cha nne, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi na kuuza ubuyu stendi tukawaona darasani. Hilo nililishukuru na ninalishukuru bado. Mwaka 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya kulazimishana, na alikuwa na sababu: kuna watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya debe la mahindi. Ila vibarazani likaenea neno jingine, kwamba shule sasa ni ya serikali, dawati la serikali, chaki ya serikali, na mtoto akishavaa sare ni wa serikali mpaka anaporudi mchana. Michango ilipoondoka, na miguu ya wazazi ikaondoka nayo. Tamasha lenu ni nafasi ya kumpa mzazi sababu nyingine ya kupita pale getini, isiyokuwa aibu wala deni. Mkimpa kiti mmeipoteza. Mpeni kazi.

Nyinyi hamkuyaona ya UPE, ile elimu ya msingi kwa wote. TANU ilikaa Musoma Novemba 1974 ikaamua kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni ifikapo mwisho wa 1977. Madarasa hayakuwepo, walimu hawakuwepo. Mimi ni mmoja wa waliotiwa chaki mkononi tukiwa wasichana wadogo, ualimu tukajifunzia humo humo kazini. Kuta zilikandikwa na wazazi, boriti zilitoka kwenye mikoko, makuti yalisukwa na kina mama jioni wakitoka shamba. Jengo lenyewe halikuwa la kujivunia. Masika yakipiga tulihamia barazani kwa jirani na ubao wetu. Wala sisemi turudi huko. Watoto mia chini ya mwalimu mmoja si elimu, na waliosoma zama zile wanajua walichokikosa. Nasema tu kwamba baba akipita njiani alikuwa na ubavu wake wa ukuta pale, ameukandika yeye, na akiuona umemeguka alisimama.

Sasa kazi ya kumpa mtu siku ya tamasha ni ipi? Hapo ndipo vijana wengi mnapokwama, mnarudi kwenye shilingi ngapi. Msiulize shilingi ngapi. Ulizeni: wewe unajua nini? Tena msiulize kwa barua aliyobebeshwa mtoto. Barua ile itafungiwa maandazi. Nendeni nyumba kwa nyumba, na mjumbe wenu mbele, jioni watu wakiwa wametulia. Fundi baiskeli wa pale njia panda anaweza kusimamia mashindano ya baiskeli ya mwendo wa pole, yule wa mwisho kufika bila kutia mguu chini ndiye mshindi. Watoto huyapenda kuliko mbio zozote. Wazee wa bao wapeni kivuli na meza, wafundishe wajukuu kuhesabu kete kwa macho. Bibi wa ukili apewe jamvi na watoto wanne wa kuwaonyesha kusuka. Kina mama wanaokaanga sambusa kila alfajiri hawahitaji semina. Na wale wanaosema "mimi sijui kitu" ndio wa kwanza kuwafuata, kwa kuwa hao shule iliwahi kuwaambia hivyo, kwa kauli au kwa fimbo.

Nitawapeni mmoja. Tulikuwa tunataka mashindano ya kuvuta kamba, na kamba hatuna. Mwalimu wa michezo alikwishatoa hesabu ya kununua ya nailoni mjini. Nikamwomba asubiri, nikamtuma mtoto mmoja wa darasa la sita kwa baba yake, mvuvi. Huyu bwana shuleni hakuwa amekanyaga. Mwenyewe hakusoma, na kila akiitwa alikuwa baharini, hata siku ambazo chombo chake tulikuwa tunakiona kimelala mchangani. Siku hiyo akaja na kamba ya makumbi, ile ya kuvutia mashua nchi kavu, kaiviringa begani inanuka chumvi na mafuta ya papa. Akaibwaga uwanjani. Alikuwa ameshageuka kuondoka alipowaona watoto wanafunga kitambaa cha alama katikati, wanafunga ovyo, kinateleza. Akarudi, akachuchumaa. "Hivyo haikai," akasema. Akawaonyesha: unazungusha mara mbili, ncha unaipitisha chini ya mzunguko wa pili, unaikaza kwa kisigino si kwa mkono. Darasa la sita zima likamzunguka. Mwanawe kasimama nyuma yake, hajui uso auweke wapi kwa furaha. Mwalimu wa sayansi naye kachuchumaa pembeni, maana wiki hiyo alikuwa anafundisha msuguano na mifano ya kitabuni ilikuwa imemwishia.

Baada ya hapo yule bwana akawa anapita shuleni bila kuitwa. Hakuwa na la maana, anauliza tu kamba imewekwa wapi, panya hawajaila? Lakini akiuliza ya kamba aliuliza na ya mtoto.

Na tamasha humfundisha mwalimu pia, msidhani ni la wazazi peke yao. Kwenye kibanda cha machungwa ya Muheza tulimweka binti wa darasa la tano amsaidie mama yake, ambaye ni mchuuzi. Binti huyo darasani akiulizwa hesabu alikuwa anaangalia vidole vya miguu. Machungwa matano kwa elfu moja. Anakuja mtu, anataka manane, kashika noti ya elfu tano. Mwalimu wake alikuwa amesimama pale na ganda mkononi, midomo ndiyo kwanza inaanza kucheza, mtoto ameshatoa elfu tatu na mia nne na kumgeukia mteja mwingine. Mwalimu akanunua tena. Akataka sita, akatoa elfu mbili, akapewa mia nane yake bila hata kutazamwa. Jumatatu hesabu za darasa la tano ziliandikwa ubaoni kwa machungwa, na mkono uliokuwa hauinuki ukainuka.

Hili la watu wa mji kujitia katika sherehe za shule si geni kwetu Tanga, na nadhani hamlijui. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa mjini mwaka 1892, na shule hiyo ikawa na bendi ya matarumbeta. Vijana walifundishwa kupiga na kutembea kwa mistari, kwa heshima ya serikali na Kaiser wake. Watu wa mitaani walikuwa watazamaji tu, wamesimama ukingoni mwa uwanja kama mlivyowapangia wazazi wenu. Basi hawakukubali kubaki ukingoni. Pwani nzima, kutoka Lamu na Mombasa mpaka huku, watu walikuwa wakiichukua ile bendi na lile gwaride na kuyafanya ngoma yao, ndiyo hiyo beni. Wakawa na vyama, Marini huku na Arinoti kule, wakapeana vyeo vya ufalme na vya jeshi, wakashonesha sare, kina mama na vyeo vyao na pishi zao. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba beni mpaka bara. Nani angeibeba kama ingebaki ya wenye matarumbeta? Iliwaenea kwa kuwa ilikuwa na nafasi ya kila mtu: wa kupiga, wa kushona, wa kupika, wa kujiita Jenerali na kesho yake kurudi kuvunja kokoto.

Lakini beni hiyo hiyo ina upande wake mchungu, na ndiyo sababu nimeitaja. Vyama vilishindana kwa karamu. Wakila hawa ng'ombe mmoja, wale lazima wachinje wawili, na watu wakaingia madeni ya kuwafurahisha jirani wasiowapenda. Nimeona kwenye ratiba yenu mashindano ya mitaa, "mtaa utakaochangia zaidi kupewa kikombe". Futeni hilo leo. Shindanisheni mitaa kwa kamba, kwa magunia, kwa yai na kijiko, kwa kufukuza jogoo, kwa ngoma, kwa kucheka hata. Kwa fedha, hapana. Mtaa wa wavuvi utashindwa kila mwaka na watoto wake watajua kwa nini.

Na hili la fedha hebu nilikalie kidogo. Kiingilio msiweke. Mtu akitozwa getini hamkuandaa tamasha, mmeandaa sinema. Vibandani ndani watu wanunue na kuuza, hiyo ni haki yao na shule ipate kifungu chake kilichokubaliwa mapema, kiandikwe. Ila mtazameni mtoto ambaye hana mia mfukoni. Atazunguka vibanda vyote mikono nyuma, akisema hana njaa. Nimemwona mtoto huyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na kila mara alikuwa amepiga sare pasi. Kateni tiketi kutoka kwenye daftari kuukuu, zipigeni muhuri wa shule, kila mtoto apewe tatu darasani kabla ya kuanza, wote sawasawa, wa mwenye duka na wa mchunga mbuzi: moja ya chakula, moja ya kinywaji, moja ya mchezo. Wenye vibanda mtawalipa jioni kwa kuhesabu tiketi. Fedha hiyo ndiyo muiombe kwa wafanyabiashara, na mkiwaomba waambieni ni ya nini. Mtu hutoa kwa moyo akijua ni kikombe cha juisi ya ukwaju cha mtoto fulani. Akiambiwa "kufanikisha shughuli" anajua kuna posho za kamati humo.

Mweka hazina awe mzazi, asiwe mwalimu. Siku inayofuata hesabu ibandikwe kwenye ubao wa shule, na nakala moja msikitini na moja kanisani, iwe imebaki laki tano au isibaki kitu. Wala msingoje mtu aulize.

Mafuta ya moto yawe mbali na uwanja wa mbio. Maji ya kunawa na ya kunywa yasiwe ndoo moja. Chooni kuwe na mtu. Mtoto aliyepotea apelekwe mahali pamoja panapojulikana na tangu mwanzo patangazwe. Haya mnayajua, nimeyaandika ili mwalimu mkuu asije akanilaumu.

Muziki mmeandika "DJ". Sina ugomvi na singeli. Inaniumiza magoti kuitazama tu, lakini najua haijatoka mbinguni. Ni ngoma ya Uswahilini iliyopata umeme. Ninachotaka ni mtu mzima azisikilize nyimbo zote kabla, maneno yake, si mdundo, maana kuna nyimbo ambazo huwezi kuzisikiliza umekaa na mkweo. Na spika izimwe kila baada ya muda. Tamasha ambalo watu hawawezi kuulizana hali limewakutanisha kwa kitu gani? Nimewahi kukaa karibu na mama niliyemfundisha zamani, tukatazamana, tukachekeana, tukashindwa kusemezana, tukaagana kwa mikono.

Sasa mgeni rasmi. Nimewahi kuona wanafunzi wamesimama kwenye mstari wa gwaride tangu saa mbili, mgeni akafika saa sita kasoro, na mabinti wawili walikuwa wameshaanguka kwa jua wamelazwa ofisini. Alipofika tukaimba. Sitamtaja, na wala hakuwa mtu mbaya. Alizoeshwa kwamba mambo hayaanzi bila yeye. Msimzoeshe wa kwenu. Tamasha lianze kwa saa yake, na mgeni atakalolikuta ndilo. Naye pia mpeni kazi. Diwani mpeni kipenga cha mbio za magunia. Afisa elimu mpeni upawa agawe chakula cha watoto, mtaona atakavyojua majina yao kwa dakika chache kuliko kwa ziara zote. Meza kuu iondoeni kabisa. Kama hamwezi, basi ifanyeni meza ya wazee wote waliofika umri, wenye vyeo na wasio navyo.

Hotuba ziwe moja, fupi. Badala ya hizo risala tano wekeni ngonjera. Nyinyi mmezoea ngonjera za watoto wanaorushiana mashairi ya kukaririshwa, sauti juu, mikono inapanda na kushuka pamoja, na mara nyingi zinamsifu aliyekaa mbele. Marehemu Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969 na ambaye ndiye aliyezitia nguvu, alizifanya majibizano: huyu anadai, yule anakanusha, mwisho wanakubaliana. Basi wadai wawe wanafunzi, na wa kujibu wawe wazazi wao kweli, wasimame. Mtoto aulize kwa nini hapati muda wa kusoma usiku. Baba ajibu. Mtoto aulize kwa nini dada yake ndiye huteka maji peke yake. Mama ajibu. Beti mwandikiane nyumbani wiki nzima kabla, na hiyo wiki ya kuandikiana, mtoto kakaa na mzazi wanatafuta vina, mimi naihesabu kuwa nusu ya tamasha. Asiyejua kuandika ataitunga kichwani na mtoto ataandika. Pwani hii mtu asiyejua vina bado hajazaliwa.

Kimebaki kitu kimoja, nacho ni tarehe. Mmeandika Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa. Walimu watakuwa hawana akili ya kamba wala ya magunia. Machi mpaka Mei ni masika, turubai hazitoshi. Oktoba mkingoja vuli watu wako mashambani. Ramadhani nayo huja mapema kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kabla hamjachapa kitu muulizeni Shehe. Jumamosi yenyewe ni nzuri, inaikwepa Ijumaa na Jumapili. Mkiwa na Wasabato mtaani nendeni mkawaone, wana adabu, mtaelewana, wengine watakuja jua likitua kusaidia kukunja.

Mimi ningechukua Julai. Kusi inavuma, jua limepoa, machungwa ya Muheza yamejaa na bei iko chini. Halafu katika Julai hiyo tafuteni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka wavuvi wako nyumbani, wanashona nyavu na kuzozana na wake zao, hao ndio baba mnaowataka. Ila mwezi mpevu ni bamvua, na siku za bamvua maji hutoka sana asubuhi, kina mama wako mwambani na vijiti vyao wakichokoa pweza, hawarudi mpaka adhuhuri. Kwa hiyo ile "saa mbili asubuhi" yenu ifuteni, andikeni saa nane mchana, watu wameshaswali na kula. Mfunge kabla ya magharibi. Kalenda ya mwezi mtaikuta kwa mwalimu wa madrasa. Na baba yule wa kamba bado yupo, yuko kibandani kwake karibu na diko, muulizeni na yeye bamvua la Julai linaangukia lini, halafu ndipo mwende kwa mwalimu mkuu.